"Gentle": Upole, Uungwana na Kazi ya Mfasiri

Mwanafunzi anayepewa kifungu cha Kiingereza akifasiri kwa Kiswahili hasiti anapolikuta neno "gentle". Huandika "mpole", akaendelea na sentensi inayofuata. Mtahini naye hutia alama ya sahihi, kwa kuwa kamusi imesema hivyo. Katika mazungumzo ya kila siku hapana dhara kubwa linalotokea. Na pale ambapo "mpole" halifai, Kiswahili kina hazina yake ya kutosha: upepo huwa mwanana, mteremko huwa wa taratibu, chungu hutiwa moto mdogo. Hata mabaharia wa Kiingereza, waliorithi kipimo cha upepo alichokiweka Francis Beaufort mwaka 1805, wanapotumia neno hilo kwa daraja ya tatu ya upepo, yaani kilomita 12 hadi 19 kwa saa, hawamtaabishi mfasiri. Wala hawamtaabishi wavuvi wa mitoni wa Uingereza, ambao kwa sababu zao wenyewe humwita "gentle" funza wanayemtia katika ndoana.

Taabu huanza katika fasihi. Huko neno hili halikuanza kuwa neno la tabia. Lilikuwa neno la nasaba na mamlaka, na hata lilipogeuka kuwa sifa ya moyo halikuacha kabisa kuuliza swali lake la kwanza: huyu ni mtoto wa nani? Makala haya yanadai kwamba anayelifasiri kwa "mpole" kila linapojitokeza huondoa katika kazi za Kiingereza ugomvi wao mmojawapo mkubwa, yaani ugomvi juu ya nani ana haki ya kuitwa mwema. Yanadai pia kwamba Kiswahili kina neno ambalo limepita karibu njia ile ile, nalo ni "muungwana", lakini neno hilo lina kivuli chake ambacho mfasiri hana ruhusa ya kujifanya hakioni.

Asili ya neno inajulikana vizuri. Kwa Kilatini "gens" ni ukoo, na "gentilis" ni mtu wa ukoo mmoja na mwingine. Kifaransa cha kale kilipolipokea kwa umbo la "gentil" kilikusudia ukoo wenye jina. Si kila ukoo. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya mabwana ikawa Kifaransa, na kufikia karne ya 13 neno hili limo katika Kiingereza likiwa na maana ya mtu aliyezaliwa katika jamaa bora. Kutokana na shina hilo hilo Kiingereza kilipata maneno mengine matatu. "Gentile" lilipitia katika Kilatini cha Kanisa likamaanisha watu wa mataifa, wale wasio Wayahudi. "Genteel" lilikopwa upya kutoka Kifaransa mwishoni mwa karne ya 16, na leo aghalabu hutumiwa kwa dhihaka kumtaja anayejitutumua kuonyesha malezi ambayo hana. "Jaunty" lilifuata katika karne ya 17, na sasa ni mwendo wa mtu anayejiona. Basi ndugu wanne wa tumbo moja: mmoja mpole, mmoja si Myahudi, mmoja anaringa kwa adabu za kuazima, mmoja anatembea kwa madaha.

Neno lililoanza kama mali ya watu wachache lilikuwa lazima ligombaniwe. Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza waliasi, na inasimuliwa kwamba kasisi John Ball aliwahubiria akiuliza ni nani aliyekuwa bwana wa nasaba katika siku za Adamu na Hawa, wakati baba wa watu wote alikuwa mtu wa jembe. John Ball aliuawa mwaka huo huo. Haikupita miaka mingi, Geoffrey Chaucer akaanza kuandika Hadithi za Canterbury. Katika utangulizi wake anamsifu shujaa wake mpanda farasi kwa neno hili hili, na msomaji wa juujuu hudhani kwamba mshairi amekwisha kuchagua upande. Lakini katika hadithi anayoisimulia Mke wa Bath, kijana wa nasaba bora anambaka msichana. Anaponea chupuchupu kuuawa, na kwa ajili ya deni la uhai wake analazimika kumwoa mwanamke mzee, fukara, asiye na ukoo. Usiku wa arusi kijana anagaagaa kitandani akilalamika. Ndipo bibi kizee anapomsomea somo refu, akimtaja hata Dante kuwa shahidi wake, kwamba ubora hauachwi na babu kama shamba linavyoachwa. Hutoka kwa Mungu, na hujulikana kwa matendo. Waswahili walikwisha kulisema hilo kwa maneno matatu: muungwana ni kitendo. Chaucer ametumia beti nyingi zaidi, lakini ameongeza jambo ambalo methali haina: anayefundishwa uungwana ni mbakaji mwenye nasaba, na anayemfundisha ni mtu ambaye jamii haikumpa jina lolote.

Ingepasa kudhani kwamba baada ya somo hilo neno lingekuwa la wote. Haikuwa hivyo. Edmund Spenser alipotoa vitabu vitatu vya kwanza vya The Faerie Queene mwaka 1590, alimwandikia Walter Raleigh barua ya kueleza kwamba kusudi la kazi nzima ni kumfinyanga mtu wa daraja bora katika malezi mema, na katika kuyataja malezi hayo anatumia neno letu. Shujaa wa kwanza anayeingia katika shairi hilo amevikwa neno hilo tangu mstari wa kwanza. Na shairi lenyewe, kwa fani, limeandikwa kwa sauti laini kuliko karibu mashairi yote ya zama zake. Ubeti wake wa mistari tisa unakwenda kama maji ya mto usio na maporomoko.

Lakini Spenser alikuwa pia mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alikwenda Ireland mwaka 1580 akiwa karani wa Lord Grey, akapata ardhi iliyonyang'anywa wenyeji, akakaa katika ngome ya Kilcolman hadi Waireland walipoichoma mwaka 1598. Katika mazungumzo aliyoyaandika juu ya hali ya Ireland, ambayo hayakuchapishwa hadi mwaka 1633, anaieleza njaa iliyoumaliza umma wa Munster, na anaishauri serikali itumie njaa kama silaha. Wahakiki wengi wamezoea kuzitenga kazi hizi mbili: hii ni ushairi, ile ni siasa. Utengano huo hausimami mbele ya kitabu cha tano cha shairi lenyewe, kilichotoka mwaka 1596. Shujaa wa kitabu hicho, Artegall, ndiye mtetezi wa haki. Pembeni yake anatembea Talus, mtu wa chuma, mwenye kipuro cha chuma, asiyechoka wala kuhurumia. Maadui wanapopaswa kupondwapondwa, aghalabu anayewaponda ni Talus, na mara kwa mara bwana wake humwita arudi, kana kwamba kumwita tu kunatosha kuuosha mkono. Hivyo ndivyo upole wa mwenye nasaba unavyohifadhiwa safi. Hauachi ukatili, unaukodishia mtumishi.

Hapa linganisho na Shaaban Robert linajitokeza lenyewe. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, Adili ni liwali wa Janibu chini ya mfalme Rai. Kila usiku, kwa siri, anawachapa manyani wawili, ambao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu ya uovu waliomtendea. Asipowachapa, adhabu itamrudia mwenyewe. Mifupa ya kisa hiki yamo katika hadithi ya Abdallah bin Fadhil ya Alfu Lela Ulela, na jambo hilo halimpunguzii Shaaban Robert chochote, kwa sababu nyama alizozitia ni zake. Adili anawachapa, kisha anawalisha na kuwabembeleza. Hana Talus. Kiboko kimo mkononi mwake mwenyewe, na huruma imo moyoni mwake mwenyewe, na vyote viwili vinamchosha usiku mmoja. Msomaji anaweza kulalamika kwamba Adili ni mwema kupita kiasi, kama walivyo mashujaa wengi wa mwandishi huyo, na malalamiko hayo yana haki yake. Hata hivyo, katika jambo hili moja Shaaban Robert ameona kitu ambacho Spenser, pamoja na utamu wa ubeti wake, hakutaka kukiona: upole wa mtu mwenye mamlaka hupimwa kwa kile ambacho mkono wake mwenyewe umelazimika kukifanya, na kwa jinsi anavyokitazama baada ya kukifanya.

Sababu ya Adili kuitwa mpole bila taabu, na Artegall kutoitwa hivyo, imo pia katika lugha. "Mpole" la Kiswahili halina nasaba. Anaweza kuwa mpole mfalme, mchukuzi, punda, mtoto mchanga. Shina lake limo katika "polepole" na katika "pole" ya kumfariji aliyepatwa. Ni neno la mwendo na la huruma, halikuulizwa kamwe cheti cha ukoo. Hiyo ni nguvu yake, na pia ni udhaifu wake, kwa kuwa lisipoangaliwa huteleza likaishia katika unyonge. Mtu anayesifiwa kuwa mpole mno huenda anasemwa kwamba hawezi kitu. Kiswahili kimelitambua hilo, ndiyo maana kikatoa onyo kinyume chake: simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Wafasiri wa Biblia walikutana na tatizo hili mapema, na walichokifanya kinastahili kuangaliwa na kila mwalimu wa tafsiri. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, wale wanaobarikiwa katika sura ya tano ya Mathayo ni wenye upole. Kiingereza cha mwaka 1611 hakikutumia "gentle" hapo bali neno jingine, linaloelekea unyenyekevu. Lakini katika orodha ya matunda ya Roho, katika Waraka kwa Wagalatia, pale ambapo Kiingereza hicho kilitia jina linalotokana na "gentle", Kiswahili kimetia "utu wema". Wafasiri hao walikuwa wakiutazama Uyunani, si Uingereza, na kwa hiyo hawakujibana katika kamusi ya maneno mawili mawili. Utu wema si nasaba, wala si ulegevu. Ni chaguo la tatu, na wafasiri wa fasihi wamelisahau mno.

Chaguo la pili ni uungwana. Katika miji ya pwani, kutoka Pate na Lamu hadi Mombasa na Unguja, muungwana alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa. Alikuwa mtu wa mji, mwenye jamaa na nyumba inayojulikana, Mwislamu. Kinyume chake kilikuwa mtumwa upande mmoja na mshenzi upande mwingine. Kutokana na hali hiyo ya kuzaliwa ndipo ilipotoka maana ya adabu, kama vile katika Kiingereza: wenye jina walidai kuwa tabia njema ni yao, kisha tabia njema ikachukua jina lao. Na kama katika Kiingereza, wale waliofungiwa nje walibisha mlango. Katika karne ya 19 wapagazi waliotoka pwani na misafara kuingia bara, ambao wengi wao walikuwa watumwa au watu walioachwa huru, walijiita wangwana, na kwa jina hilo walijulikana hata katika vitabu vya Henry Morton Stanley. Jina lilikwenda nao hadi Kongo, na Kiswahili cha mashariki ya nchi hiyo kikaitwa Kingwana. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, mlango ukazidi kubishwa. Leo mtu anaposema kwamba kumkatiza mzee maneno si uungwana, hafikirii soko la watumwa. Lakini neno linalikumbuka.

Kwa sababu hiyo "muungwana" linaweza kufanya katika tafsiri kazi ambayo "mpole" haliwezi. Katika The Merchant of Venice Shakespeare anacheza na kufanana kwa sauti kati ya "gentle" na "gentile". Antonio anampa Shylock neno hilo mara tu mapatano ya deni yanapokubaliwa. Gratiano anampa Jessica, binti Shylock, anapomtoroka baba yake na mali yake, akisema kwa mzaha kwamba huyu sasa si Myahudi tena. Na mahakamani Mtawala wa Venisi anamwambia Shylock kwamba wote wanangoja jibu la namna hiyo kutoka kwake. Mfasiri akiandika kwamba wanangoja jibu la upole, amemfanya Mtawala kuwa mzee mwenye busara anayeomba huruma. Lakini katika Kiingereza ombi hilo lina makucha: jibu jema ni jibu la watu wetu, na wewe si wa watu wetu, basi jibu kama sisi au uhukumiwe kama wewe. "Muungwana", kwa kuwa pwani lilibeba ukoo, dini na mji kwa pamoja, linalikaribia kombe hilo la sumu kuliko neno jingine lolote la Kiswahili. Julius Nyerere alipoufasiri mchezo huu mwaka 1969 aliuita Mabepari wa Venisi, na kwa neno moja la jalada akatangaza kwamba mchezo unahusu tabaka na mali kabla ya kuhusu mahaba. Ujasiri wa namna hiyo ndio unaotakiwa pia katika maneno madogo yaliyomo ndani.

Nyerere huyo huyo aliufasiri Julius Caesar, akautoa mwaka 1963 na kuusahihisha mwaka 1969. Pengine hakuna mchezo wa Shakespeare unaolitesa neno hili zaidi. Mapema kabisa Cassius analalamika kwamba siku hizi haoni katika macho ya Brutus ule wema aliouzoea. Brutus, akiwa kati ya wenzake wa njama, anawaita kwa neno hili hili katika sentensi ile ile anayowaelekeza jinsi ya kumuua Kaisari: kwa ushujaa, bila hasira, kama watoao kafara. Kaisari akisha kufa, Antony anaachwa peke yake na maiti, na anamwomba marehemu radhi kwa kuwa mpole mbele ya wachinjaji. Dakika chache baadaye anapanda jukwaani na kulitumia neno lilo hilo kuuita umati, ambao kabla ya jioni utakuwa umechoma nyumba na kumrarua mshairi asiye na hatia kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Na mwisho, mbele ya maiti ya Brutus, Antony huyo anautaja uhai wa adui yake kwa sifa hiyo hiyo.

Ukiyatazama matumizi hayo kwa mfululizo, utaona kwamba karibu kila mara neno linapotamkwa kuna kisu karibu. Anayeitwa hivyo ni mtu anayeweza kuua, au ameua, au anachochewa kuua. Hapo siri ya neno hili katika fasihi ya Kiingereza inafunuka: ni sifa ya mwenye nguvu. Upole wa asiye na nguvu haukuhitaji jina hili; uliitwa unyenyekevu, uliitwa subira. Antony mbele ya maiti analijua hilo, na aibu yake inatokana na kuona kwamba kwa kitambo kile amekuwa mpole kwa maana ya unyonge, si kwa maana ya ubwana. Mfasiri anayetumia "mpole" katika mahali hapo amefanya vyema, kwa sababu unyonge ndio unaotakiwa usikike. Na mtazamaji Mswahili, akimkumbuka simba mwenda pole, atakuwa ameonywa kabla ya Warumi.

Zama za baadaye zililegeza uzi wa nasaba lakini hazikuukata. Waandishi wa riwaya wa karne ya 18 na 19 walimwita msomaji wao kwa sifa hii, na Charlotte Brontë bado anaitumia katika Jane Eyre, mwaka 1847, pale msimulizi wake anapokuwa katika dhiki kubwa kuliko zote. Ni adabu, lakini pia ni bembelezo: msomaji anainuliwa cheo ili asimhukumu msimulizi kwa ukali. "Msomaji mpenzi" la magazeti yetu lina joto zaidi na cheo kidogo.

Dylan Thomas, katika shairi alilolitoa mwaka 1951 akimlenga baba yake aliyekuwa akizeeka na kupofuka, alikwenda kinyume na wote waliomtangulia kwa kuufanya upole kuwa kosa. Anamsihi mzee asiwe hivyo mbele ya kifo. Walimu wengi wa Kiingereza hupitisha saa nzima wakieleza kwa nini ametumia kivumishi pale sarufi inapotazamia kielezi, na wengine huona ni uhuru tu wa mshairi. Masikio ya Kiswahili yanaweza kuwasaidia. Kiswahili husema mtu alirudi mzima, aliondoka mnyonge, aliingia mpole, na kila msemaji anajua kwamba hilo si sawa na kusema aliingia kwa upole. La pili linaeleza mwendo wa miguu; la kwanza linamweleza mtu mwenyewe wakati wa kuingia. Thomas hamkatazi baba yake kwenda kwa namna fulani. Anamkataza kuwa mtu fulani. Na baba huyo alikuwa mwalimu wa shule, aliyeyasoma mashairi ya wakubwa hao wote kwa sauti. Yaani alikuwa amefika katika daraja ya watu wa neno hili kwa kitabu, si kwa ukoo. Hapo "mpole" linatosha, tena linazidi, kwa kuwa Kiswahili kinahifadhi hata ile sarufi iliyowasumbua Waingereza.

Lakini mtihani mgumu kuliko yote umebaki katika nyumba ya Brutus, usiku wa kuamkia mauaji. Portia anampigia mumewe magoti akimtaka amweleze siri yake. Brutus anamwambia asipige magoti, na anamwita kwa neno letu. Portia analirudisha papo hapo: kama Brutus naye angekuwa hivyo, magoti yasingehitajika. Neno moja, limerushwa na kurudishwa kama mpira, na ndani yake mna ndoa nzima. "Mpole" hapa linaharibu kila kitu. Mwanamke anayejitambulisha kuwa binti Kato, aliyejitia jeraha la paja ili aonyeshe kwamba anaweza kustahimili, hapendi kusifiwa kwa ulaini. Ulaini ndio anaoukana. Anachokidai ni hadhi: kwamba mke asiyeshirikishwa siri amegeuzwa hawara. "Usipige magoti, Portia, wewe ni muungwana"; "Nisingepiga, kama nawe ungekuwa muungwana." Katika mji wa pwani wa zamani kila mtu angeelewa mara moja, kwa sababu alijua ni nani apigaye magoti na mbele ya nani.

Kisha inakuja hema ya Brutus, katika tendo la nne, usiku kabla ya vita. Brutus amekwisha kumwomba radhi mtoto Lucius, mtumishi wake, kwa kusahau mahali alipokiweka kitabu chake. Anamwomba ampigie kinanda, na mtoto, kwa uchovu, analala katikati ya wimbo. Brutus anakitoa kinanda mikononi mwake kisije kikavunjika, anamwacha alale, na anamuaga usingizini kwa neno lile lile alilompa Portia, akiliambatisha na jina la mtumishi. Katika Roma ya kweli mtoto wa namna hiyo yamkini angekuwa mtumwa. "Muungwana" hapa litasikika kama kejeli, au kama jambo ambalo Brutus hakuwa na uwezo wa kulitoa. "Mpole" litasikika vizuri na litakuwa kweli; ila mtazamaji hatajua kwamba binti Kato na mtoto wa hema wamepewa neno moja. Mfasiri atakayeandika "mpole" atakuwa amemtendea haki Lucius na kulivunja tamthilia mahali pamoja. Atakayethubutu kuandika "muungwana" atamlazimu mwigizaji wa Brutus alitamke taratibu, akiwa amekishika kinanda cha mtoto.